DEREVA HUPIMWA MACHO; JE, ANAYETOA DAWA?



Nataka kusema habari ya jambo ambalo wenzetu wengine waliniambia nisiliandike. Ati si kazi ya chama. Ati chama ni mshahara, nyumba na saa za kazi. Mambo ya dawa tuwaachie waganga. Mimi nasema hapana. Mtu akiugua akapewa dawa nzuri, kisha dawa hiyo ikakosa nguvu kwa sababu hakuna aliyemwambia aimeze pamoja na nini, ni nani anayelipa? Ni yeye. Hukatwa mshahara kwa siku alizolala. Hupewa barua ya kuonywa. Nyumbani kwake sufuria huwa tupu. Ikiwa hilo si jambo la chama, basi chama ni cha nini?

Neno langu ni hili. Wote wanaotupa dawa, yaani nesi, ofisa wa kliniki, daktari, mfamasia na yule anayesimama katika duka la dawa, yafaa wapimwe kama wanajua namna chakula na dawa zinavyogombana au zinavyosaidiana. Wapimwe kwa haki. Kisha wafundishwe. Wala wasipimwe ili wafukuzwe. Hilo nitalisema chini, maana najua matajiri wetu wanavyopenda kugeuza kila kipimo kuwa fimbo.

CHAKULA NA DAWA HUKUTANA

Watu wengi hudhani tumbo ni kama gari la mizigo: behewa hili magunia ya mahindi, behewa lile mapipa ya mafuta, na kila mzigo utashuka katika stesheni yake bila kugusa mwenzake. Sivyo. Vyote huingia katika behewa moja, na vingine vikikutana huharibiana.

Tuanze na malaria, maana reli yetu yatoka pwani yafika ziwani, na sehemu hizo mbili mbu hana likizo. Dawa ya malaria tunayopewa sana katika Kenya ni ile ya vidonge vinne, mara sita, kwa siku tatu. Vidonge 24 kwa mtu mzima. Serikali iliichagua mwaka 2004, ikaanza kutolewa katika hospitali zake mwaka 2006. Ndani yake mna dawa mbili, artemetha na lumefantrini. Hii lumefantrini haipatani na maji, yapatana na mafuta. Ukiimeza tumbo tupu, nyingi hupita tu ikatoka. Watu wazima wenye afya walipojaribiwa, walioimeza pamoja na chakula chenye mafuta walipata damuni lumefantrini kama mara 16 ya ile iliyoingia bila chakula.

Mara kumi na sita, ndugu! Dawa ni ile ile, bei ni ile ile, vidonge ni vile vile. Tofauti ni kikombe cha maziwa au sahani ya chakula kilichotiwa mafuta. Wala mtu asiache dawa kwa kuwa hana hamu ya kula. Ameze tu, na mara apatapo nguvu ale kitu. Lakini atajuaje ikiwa hakuambiwa?

Sasa sikilizeni upande wa pili. Ziko dawa za kuua vijidudu, kama tetrasaiklini na siprofloksasini, ambazo maziwa ni adui yao. Madini ya kalsiamu yaliyo katika maziwa hushikana na dawa, zikawa kitu kimoja kisichoweza kuingia damuni. Basi maziwa yale yale yaliyomponya mtu wa malaria yatamchelewesha mtu wa homa ya matumbo. Yule anayesema kwa kila mgonjwa, "Kunywa na maziwa, dawa ni kali," amemsaidia mmoja na kumwumiza mwingine, na wote wawili wamemwambia asante.

Mama mja mzito hupewa kliniki vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma. Akivimeza na chai, chai hukamata chuma kile, na damu haiongezeki inavyotakiwa. Maji yafaa, na chungwa husaidia. Lakini nyumbani mwetu asubuhi twanywa nini? Ni chai, tena chai ya maziwa. Mama amemaliza vidonge vyote, damu ingali chini, na akirudi huulizwa kwa ukali, "Vidonge ulivitupa?"

Mtu wa kifua kikuu hupewa rifampisini, ambayo hupendelea tumbo tupu: saa nzima kabla ya kula, au saa mbili baadaye. Mwenzake katika tiba hiyo, isoniazidi, ana ugomvi na samaki wengine, hasa jodari ambaye hakuhifadhiwa vizuri. Uso huwaka moto, kichwa hugonga, moyo huenda mbio. Ndugu zangu wa Mombasa, ni wangapi wenu waliokwisha kuambiwa hayo? Tena isoniazidi na pombe pamoja huligeukia ini.

Na miraa je? Wataalamu wa Yemen walichapisha mwaka 1997 kwamba mtu akitafuna miraa, ampisilini hupungua sana kuingia mwilini, na amoksilini nayo hupungua kidogo. Walishauri mtu ameze dawa saa mbili baada ya kumaliza kutafuna. Nauliza: ni dirisha gani la dawa katika njia yote ya reli ambapo dereva wa usiku huulizwa kama anatafuna miraa, akaulizwa kwa upole ili aseme kweli?

SUKUMA WIKI NA KALENDA YA MSHAHARA

Nitakaa kidogo hapa, maana hapa ndipo utaona kwamba jambo hili ni la chama kweli kweli.

Iko dawa iitwayo wafarini. Hupewa mtu ambaye damu yake huganda mahali isipotakiwa, miguuni, mapafuni au moyoni. Dawa hii hupigana na vitamini K. Na vitamini K imejaa wapi? Katika mboga za majani, na sukuma wiki ni moja ya zilizojaa sana. Ukila sukuma nyingi kuliko kawaida yako, dawa hushindwa na damu yaweza kuganda. Ukiacha ghafula, dawa huzidi na damu yaweza kutoka isikome.

Asiyejua atamwambia mgonjwa, "Acha sukuma wiki kabisa." Hilo ni kosa. Ushauri wenyewe ni kula kiasi kile kile kila juma, na kupimwa damu kwa wakati wake, ili dawa ilinganishwe na chakula chake.

Lakini tazameni maisha ya mfanya kazi. Mshahara ukitoka, juma la kwanza ni nyama, wali na maharage. Juma la pili mboga zaongezeka. Juma la tatu na la nne ni sukuma asubuhi na jioni, na jina lenyewe lasema kazi yake ni nini. Basi damu ya mtu huyo hupanda na kushuka kwa kalenda ya mshahara! Akipimwa tarehe tano ataonekana hivi, akipimwa tarehe ishirini na nane ataonekana vingine. Nesi aliyefundishwa atamwuliza, "Mwisho wa mwezi unakula nini?" Asiyefundishwa atamwandikia kwamba hafuati masharti.

Kadhalika mtu wa sukari. Ziko tembe kama glibenklamidi ambazo hushusha sukari hata kama hujala. Mtu huyu amemeza saa kumi na moja alfajiri akitumaini kula saa moja. Gari limezuiliwa kupisha jingine, saa moja imepita, saa tatu imepita. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka, akili inamruka. Na huyo ndiye anayetakiwa kuona taa nyekundu. Nani atakayesema kwamba dawa na chakula si jambo la usalama wa reli?

UKO DIRISHANI MCHANA MMOJA

Najua mfanya kazi mmoja wa gengi, mtu mwaminifu, aliyetoka kazini na homa. Katika dispensari moja ambayo sitaitaja alipimwa, akaonekana ana malaria, akapewa vidonge vyake 24 katika bahasha ndogo. Juu ya bahasha pameandikwa nne, mara mbili, siku tatu. Basi. Hakuulizwa kama amekula. Alivimeza vyote kwa chai ya rangi isiyo na maziwa, maana alikuwa peke yake kambini. Majuma mawili hayajaisha, homa ikarudi. Ikawa siku nyingine za kulala, kisha barua kutoka ofisini ya kumwonya kwa utoro.

Huenda kulikuwa na sababu nyingine pia; mtu wa kambini huumwa na mbu kila usiku. Lakini mimi nauliza neno moja tu: kwa nini swali la chakula halikuulizwa? Je, yule aliyetoa dawa hakujua? Au alijua, lakini nyuma ya mgonjwa huyu palikuwa na wengine arobaini wamesimama juani? Hizi ni shida mbili tofauti, na kila moja ina dawa yake. Bila kupima hatutajua ni ipi. Tutabaki kulaumiana.

MTU MDOGO AKIJUA, WENGI HUPONA

Msidhani ujuzi huu ni wa wakubwa tu. Katika Uingereza watu waliopewa dawa fulani za huzuni kubwa walikuwa wakishikwa na maumivu ya kichwa ya ghafula, damu ikipanda, na wengine wakafa. Mwaka 1963 daktari kijana jina lake Barry Blackwell alitangaza sababu: ni jibini. Lakini ni nani aliyemfumbua macho? Ni barua ya mfamasia wa hospitali katika mji wa Nottingham, Bwana Rowe, aliyeona mkewe anaumwa kichwa vibaya baada ya kula jibini huku akitumia dawa hiyo. Mfamasia mmoja, kwa kutazama chakula cha nyumbani kwake, alisaidia kuokoa watu wa nchi nyingi.

Na mwaka 1991 David Bailey na wenzake wa Canada walitangaza habari ya tunda la balungi. Walikuwa wakichunguza pombe na dawa ya presha, wakatumia maji ya balungi ili ladha ya pombe isijulikane. Kumbe balungi lenyewe ndilo lililoongeza dawa damuni! Kama hawangepima, hawangeona.

SISI HUPIMWA, KWA NINI WAO WASIPIMWE?

Mtu hapewi gari la moshi kwa sababu ana uso mzuri. Hupimwa macho kama aweza kutofautisha nyekundu na kijani. Huulizwa kanuni za ishara. Tena hata aliyefaulu hapelekwi peke yake katika njia asiyoijua. Huipita kwanza na mwenzake, mpaka ajue kila mlima, kila kona na kila stesheni. Wala hatuoni kwamba tumetukanwa. Twajua kuna roho za watu nyuma yetu katika mabehewa.

Basi yule mwenye dawa naye ana roho za watu mbele yake. Nchi nyingine zimekwisha kuanza. Katika Jordan waliwapima wafamasia, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2020 ilionekana kwamba ujuzi wao wa mambo haya hautoshi. Hao ni wafamasia, watu waliosomea dawa miaka mingi! Hawakuaibishwa mmoja mmoja. Ilijulikana tu pa kuanzia kufundisha.

Lakini yako masharti, na chama chetu kiyashike kwa mikono miwili.

Sharti la kwanza: maswali yawe ya chakula chetu. Usimwulize nesi wa Mtito Andei habari ya jibini na divai ukasema umempima. Hiyo ni kama kumpima dereva kwa njia asiyoipita. Mwulize chai ya maziwa, sukuma wiki, jodari, maziwa lala, miraa, busaa na chang'aa.

Sharti la pili: neno "sijui" liruhusiwe. Ukiweka maswali 20 ya ndiyo au siyo, hata mtu anayerusha shilingi hewani atapata kama 10. Basi mkubwa asije akajisifu kwamba watu wake wana nusu ya ujuzi, kumbe hawana kitu. Anayesema sijui ni mtu mwema kuliko anayebahatisha, maana wa kwanza ataulizia na wa pili atampa mtu dawa.

Sharti la tatu: wasipimwe karatasini tu. Swali liwe hivi: "Dereva amekuja saa mbili usiku, ana malaria, hajala tangu mchana, na saa nne aingia kazini. Utamwambia nini?" Kisha aulizwe mgonjwa mwenyewe anapotoka mlangoni: "Umeambiwa ule nini, na saa ngapi?" Ujuzi uliobaki kichwani mwa nesi hauponyi mtu. Wenye kujua wengi hawasemi, na sharti linalofuata litaonyesha kwa nini.

Sharti la nne: mnapompima nesi, pimeni na kazi yake. Hesabuni wagonjwa anaoona kwa saa moja. Tazameni kama ana kitabu cha dawa mezani, na kama kuna mtu wa kumwuliza. Nesi aliyesimama tangu alfajiri, watu wakimpigia kelele, hata akiwa na ujuzi wa profesa atasema "nne mara mbili" na kumwita mwingine. Huyo si mjinga. Huyo ni mfanya kazi mwenzetu aliyelemewa, kama gari la farasi kumi lililofungiwa mabehewa ya farasi mia.

Sharti la tano: jina lisiandikwe juu ya karatasi. Matokeo yasiingie katika faili la mtu. Atakayepungukiwa afundishwe kwa saa za kazi, kwa mshahara wake kamili, kisha wapimwe tena wote ili ijulikane kama mafundisho yamefaa. Siku tutakaposikia kwamba nesi mmoja amekatwa mshahara kwa sababu ya kipimo hiki, chama cha reli kitasimama upande wa nesi.

TUWAJIBU WAPINGAO

Wengine husema, "Lakini habari zote zimeandikwa katika karatasi iliyo ndani ya boksi." Ni kweli zimeandikwa, tena mimi mwenyewe nimezisoma. Zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama chawa. Tena mgonjwa wa dispensari haoni boksi wala karatasi. Hupata vidonge vilivyohesabiwa katika bahasha. Karatasi imebaki nyuma ya dirisha. Anayeizuia asimlaumu asiyeisoma.

Wengine husema, "Mtawatisha wagonjwa, wataacha dawa." Mimi naona kinyume. Mtu huacha dawa akiona haimsaidii. Mwambie kwa maneno matatu namna ya kuila, ataona imemsaidia, na ataimaliza.

Wengine, na hawa ndio wabaya, husema kwamba shida ni ujinga wa wagonjwa. Wametundika matangazo kutani: "Maliza dawa zako." Wameweka mzigo wote juu ya mtu mwenye homa, anayetetemeka, asiye na mtu wa kumpikia. Asiyeambiwa si mjinga. Mjinga ni yule mwenye nafasi ya kujua na ya kusema, akakataa hata kupimwa.

YATAKIWAYO

Basi ndugu, katika mkutano wa tawi naomba tukubaliane mambo haya, kisha katibu ayaandike na kuyapeleka kwa wakubwa wa reli na wa afya:

1. Kila dispensari na zahanati inayotibu watu wa reli ipimwe kwa masharti matano niliyoyataja, vyama vya wauguzi na vya wafanya kazi wengine wa afya vikishirikishwa tangu kuandikwa kwa maswali.

2. Juu ya kila bahasha ya dawa iandikwe kwa Kiswahili: meza na chakula, au kabla ya chakula, au usimeze na maziwa, au usimeze na chai, au usinywe pombe.

3. Mfanya kazi wa zamu ya usiku aulizwe saa zake za kula kabla ya kupewa dawa, hasa dawa ya sukari.

4. Mgonjwa anayemeza dawa ya malaria apewe ruhusa ya kwenda kula kwa wakati wa dawa, na kambini patiwe maziwa.

5. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wapatao 100,000 ambao serikali iliwatuma vijijini na mitaani mwaka 2023, wafundishwe mambo haya pia, maana wao huingia jikoni na kuona sufuria.

Nanyi wenyewe msikae mkingoja azimio. Kesho mtu akienda dirishani asiondoke kabla ya kuuliza: "Dada, hii naimeza na chakula au bila chakula? Na kipi nisile?" Uliza kwa adabu, lakini uliza. Kuuliza si ujinga. Kama anajua, atafurahi kuulizwa. Kama hajui, wote wawili mtakuwa mmejua kwamba kuna jambo la kujifunza, na hapo ndipo kipimo chetu kimekwisha anza.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
MTU WA RELI